Namna ya Kuwafundisha Wanafunzi wa Udaktari Kuchoma, Kutoboa na Kuingiza Mipira Mwilini kwa Vifaa vya Uigaji

Chuo kinachotaka kuanzisha mafunzo ya uigaji, yaani mazoezi kwenye sanamu za mwili wa binadamu kabla ya kumgusa mgonjwa, mara nyingi huanza kwa kuuliza ni sanamu gani inunuliwe na kwa bei gani. Swali hilo lisubiri. La kwanza ni hili: ni taratibu zipi ambazo wanafunzi wetu, wakishahitimu, wataitwa kuzifanya saa nane za usiku katika hospitali ya kaunti ndogo, wakiwa na muuguzi mmoja tu kando yao na daktari bingwa akiwa mji mwingine? Katika ukanda huu wetu, kuanzia Siaya na Kisumu hadi Kakamega, Eldoret na Nakuru, kila aliyefanya kazi wodini analijua jibu. Watatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Watatoa maji ya uti wa mgongo kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Watamwekea mpira wa mkojo mzee aliyezibwa na tezi dume, na bomba la kifua kijana aliyeanguka na pikipiki akavunjika mbavu. Watamsaidia kupumua mtoto mchanga ambaye hakulia.

Orodha hiyo ndiyo mtaala. Chagua taratibu nne au tano kutoka humo, uzifundishe kikamilifu, ndipo uongeze nyingine. Chumba chenye sanamu ishirini ambazo hakuna anayejua zimsaidie nani hakina faida kuliko meza moja yenye mkono wa plastiki na mkufunzi anayejua anachokitafuta.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba teknolojia yenyewe ndiyo inayofundisha. Kinachofundisha ni kiwango kilichowekwa wazi, mazoezi yanayorudiwa hadi kiwango hicho kifikiwe, na mtu wa kumsahihisha mwanafunzi papo hapo. Katika hospitali moja ya chuo kikuu jijini Chicago, madaktari walio mafunzoni walitakiwa kufaulu mtihani wa kuweka mpira wa mshipa mkuu kwenye sanamu kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa, na aliyekosa alirudi kufanya mazoezi hadi afaulu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba maambukizi ya damu yatokanayo na mipira hiyo yalipungua sana katika chumba cha wagonjwa mahututi. Sanamu kama ile iliyotumika huko zimo katika vyuo vingi ambako hazijabadilisha chochote, kwa kuwa mwanafunzi huonyeshwa mara moja, hujaribu mara moja, kisha hutia saini kwenye daftari.

Kuchagua kifaa

Vifaa vya uigaji viko vya namna nyingi, na bei si kipimo cha ubora wake kwa kazi yako. Kuna vya sehemu moja ya mwili, kama mkono wa kuchomea sindano, kiuno cha kutolea maji ya uti wa mgongo, au nyonga ya kuwekea mpira wa mkojo. Kuna sanamu za mwili mzima zinazoongozwa kwa kompyuta, ambazo hupumua, hupiga moyo na kubadilisha rangi ya midomo. Kuna pia programu za kompyuta na miwani ya uhalisia pepe, ambazo humwonyesha mwanafunzi mpangilio wa viungo na mfuatano wa hatua.

Kwa mwanafunzi anayejifunza kutumia mikono yake kwa mara ya kwanza, vifaa vya sehemu moja ya mwili ndivyo vinavyofaa zaidi. Sanamu ya mwili mzima ina nafasi yake baadaye, timu inapojifunza kufanya kazi pamoja kwa mgonjwa anayezidiwa. Miwani ya uhalisia pepe husaidia kufundisha mpangilio, lakini nyingi haziwezi kumpa mwanafunzi hisia ya sindano inapopita katika tishu, na hisia hiyo ndiyo roho ya taratibu hizi. Kwa hiyo chuo chenye fedha kidogo kisisikitike. Hata sanamu maarufu ya kufundishia ufufuaji, iliyotengenezwa Norway mwaka 1960 na kampuni ya Åsmund Laerdal iliyokuwa ikitengeneza wanasesere wa watoto, haikuwa na umeme ndani yake, na imefundisha mamilioni ya watu.

Vifaa vingi vinaweza kutengenezwa hapa hapa. Mkono wa kuwekea kanula, ule mpira mdogo unaoingizwa kwa sindano na kuachwa ndani ya mshipa, unatengenezwa kwa kipande cha sponji ya godoro kilichochanjwa mfereji, mpira wa dripu uliotumika kwenye mazoezi mengine ukilazwa ndani ya mfereji huo, kisha vyote vikafunikwa kwa mpira mwembamba uliokatwa kutoka kwenye glavu. Ncha moja ya mpira wa dripu iunganishwe na mfuko wa maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula, uliotundikwa juu, na ncha nyingine ifungwe, ili sindano ikiingia mahali pake maji mekundu yaonekane nyuma ya kanula kama damu. Mifupa ya miguu ya kuku inatosha kabisa kufundishia sindano ya mfupa, ile inayotumika kwa mtoto ambaye mshipa wake haupatikani: mwanafunzi huzungusha sindano huku akibonyeza, hadi ahisi mfupa ukiachia ghafla. Kwa ultrasaundi, kipande cha nyama ya kifua cha kuku kilichopitishiwa mpira uliojaa maji huonekana kwenye skrini karibu kama msuli na mshipa.

Onyo moja hapa halina mjadala. Kila chupa, mfuko wa dripu na dawa ya mazoezi iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni ya mafunzo tu, na isitoke kamwe katika chumba cha mafunzo. Mwaka 2014 nchini Marekani, wagonjwa waliwekewa kimakosa dripu zilizotengenezwa kwa ajili ya mafunzo, ambazo hazikuwa zimetakaswa, na wengi wao wakashikwa na homa na kutetemeka. Katika hospitali zetu, ambako upungufu wa dripu ni jambo la kawaida na mtu mwenye nia njema anaweza kuazima mfuko aliouona kabatini, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Meza ya bomba la kifua

Nitaeleza meza moja kwa kirefu, kwa sababu bomba la kifua ni utaratibu unaotisha, unaookoa maisha kwa dakika chache, na ambao sanamu zake za dukani ni ghali. Nunua upande mzima wa mbavu za mbuzi kwa mchinjaji ambaye nyama yake imekaguliwa. Mwambie asiuchune utando mwembamba ulio ndani ya mbavu, kwa maana huo ndio unaohitajika, na wachinjaji wengi huuondoa bila kuulizwa. Mwombe pia akuonyeshe upande wa kichwa na upande wa mkia, ukafunge uzi upande wa kichwa. Bila alama hiyo hutajua ukingo wa juu wa ubavu ni upi, na somo lote litapotea. Mbuzi anafaa kuliko nguruwe, si kwa bei tu, bali pia kwa sababu wanafunzi na wakufunzi Waislamu watashiriki kwa moyo mweupe.

Weka beseni la plastiki mezani. Ndani yake weka puto lililojazwa hewa kiasi, likiwa ndilo pafu, na kando yake mfuko mdogo wa maji yenye rangi. Funika beseni kwa upande wa mbavu, utando ukiangalia ndani, ufunge kwa kamba imara, kisha tandaza juu yake sponji nyembamba na kipande cha mpira kiwe ngozi. Kifua kiko tayari.

Kabla ya kushika kisu, mwanafunzi aonyeshe eneo salama kwenye mwili wa mwenzake aliyekubali, shati likiwa limevuliwa na mkono ukiwa umewekwa nyuma ya kichwa. Aguse ukingo wa msuli mkubwa wa kifua kwa mbele, ukingo wa msuli mpana wa mgongo kwa nyuma, mstari wa chuchu kwa chini, na kwapa kwa juu. Mbuzi hana alama hizo, na mwanafunzi aliyejifunza kwa mbuzi peke yake atapotea mbele ya mtu. Kisha arudi mezani, aitambue nafasi kati ya mbavu, apige ganzi ya kuigiza, akate ngozi, na kufungua msuli polepole kwa koleo butu juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini. Sababu ya kupita hapo aieleze kwa mdomo wake mwenyewe: mishipa ya damu na neva hupita chini ya kila ubavu.

Hapo ndipo mkufunzi anapaswa kusogea karibu na kuangalia mkono, si uso. Koleo linapofika kwenye utando, mwanafunzi mwenye wasiwasi huanza kusukuma kwa bega lake. Utando ukiachia, nguvu yote ya bega huingia ndani na puto hupasuka. Mlio huo hufundisha zaidi ya maneno ya mhadhiri yeyote, na ni heri usikike kwenye beseni. Mfundishe kuweka kidole cha shahada karibu na ncha ya koleo kiwe kizuizi, na kubonyeza kwa kifundo cha mkono. Akishaingia, apitishe kidole tunduni na kukizungusha ndani kuhakikisha kwamba yumo ndani ya kifua na hakuna kilichoshikamana, kabla ya kuingiza bomba. Halafu aliunganishe na chupa yenye maji, aiweke chupa chini ya usawa wa kifua, na aeleze angetarajia kuona nini kwa mgonjwa: maji yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, na mapovu ikiwa kuna hewa inayotoka.

Mafunzo ya nyama yana masharti yake. Vifaa vilivyotumika kwenye mbuzi visirudi kamwe kutumika kwa wagonjwa. Kila mtu avae glavu na aproni, nyama ihifadhiwe kwenye barafu hadi wakati wa kipindi, na mwishoni itupwe pamoja na taka za hospitali, isibebwe na mtu kwenda nayo nyumbani.

Kuendesha kipindi

Wanafunzi wanne au watano kwa meza moja wanatosha. Wakizidi, wawili hujifunza na waliobaki hutazama simu. Siku moja au mbili kabla, wapewe video fupi na maelezo ya kusoma, ili muda wa mezani usiliwe na mhadhara. Mwanzoni mwa kipindi kila mmoja ajaribu utaratibu ule bila msaada, mkufunzi akijaza orodha ya hatua kimya kimya. Jaribio hili la kwanza si la kumwaibisha mtu. Linampa mwanafunzi picha ya kweli ya alipo, hasa yule anayejiamini kupita uwezo wake.

Kufundisha kwenyewe kufuate hatua nne zilizoenea katika elimu ya udaktari, ambazo huhusishwa na daktari mpasuaji Rodney Peyton. Kwanza mkufunzi afanye utaratibu wote kwa kasi ya kawaida bila kusema neno. Pili, aurudie polepole akieleza kila hatua na sababu yake. Tatu, aufanye tena, lakini mwanafunzi ndiye anayemwelekeza kwa maneno, na mkufunzi asisogeze mkono hadi aambiwe. Mwisho, mwanafunzi aufanye mwenyewe huku akitaja anachofanya. Hatua ya tatu ndiyo wakufunzi wenye haraka huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi asiyeweza kuueleza utaratibu kwa mpangilio hataweza kuufanya kwa mpangilio mgonjwa akianza kulia.

Orodha ya hatua iandikwe na idara yenyewe, ikiwa na hatua kati ya kumi na tano na ishirini na tano, na ndani yake hatua chache zitiwe alama kuwa ni za lazima, yaani mwanafunzi akiikosa hata moja amefeli, alama zake nyingine ziwe nzuri namna gani. Kwa kanula, hatua za lazima ni kuhakikisha jina la mgonjwa, kunawa mikono, kutogusa tena mahali palipokwisha kusafishwa, kulegeza mpira wa kufunga mkono kabla ya kuchomoa sindano, na kuitupa sindano kwenye boksi lake papo hapo kwa mkono uleule ulioichomoa. Hii ya mwisho inamhusu mwanafunzi mwenyewe. Anayeilaza sindano juu ya shuka atachomwa nayo au atamchoma muuguzi. Kipindi cha kwanza kisiishe kabla kila mmoja hajajua afanye nini ajali hiyo ikitokea: kuosha kidonda kwa maji na sabuni, kutoa taarifa mara moja, na kuanza dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

Kwa maji ya uti wa mgongo, tumia kifaa cha kiuno pamoja na mwili wa mwenzao wa kupapasa tu. Waguse ncha za mifupa ya nyonga pande zote mbili, wachore mstari unaoziunganisha, na waone kwamba unakata uti wa mgongo karibu na pingili ya nne ya kiuno. Ufahamu wa kwamba uti wenyewe, yaani ule ukamba wa neva ulio ndani ya pingili, kwa mtu mzima huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili, huwapa utulivu wa mkono. Kwenye kifaa, wazoee kusogeza sindano kidogo kidogo, kuisikia ikipita ukano kisha ikiachia, na kuuchomoa waya wa ndani ili kuona kama maji yanatoka. Wakigonga mfupa, wairudishe sindano hadi karibu na ngozi kabla ya kubadilisha mwelekeo. Mwanafunzi anayeipinda sindano ikiwa ndani kabisa azuiwe hapo hapo. Na kabla ya yote aulizwe ni mgonjwa gani asiyepaswa kutobolewa: mwenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya fuvu, mwenye damu isiyoganda, mwenye maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma, au mtoto ambaye kupumua kwake kunayumba.

Kuna jambo ambalo plastiki haitoi, nalo ni mazungumzo. Kwa hiyo mweke mtu halisi kando ya kifaa: mwenzao alale kitandani huku kiuno cha plastiki kikiwa nyuma yake chini ya shuka, naye ajibu kama mgonjwa. Njia hii ilienezwa sana na Roger Kneebone wa London, na inafaa mno kwetu, kwa sababu hofu ya sindano ya mgongo imeenea vijijini. Mgonjwa akiwa ni mtoto, mwingine aigize mama yake. Mpe maneno ambayo kila daktari wa hapa ameyasikia: “Daktari, si hii ndiyo sindano inayopoozesha watu? Mtoto wa jirani yetu alichomwa, na jioni akafa.” Mwanafunzi asiruhusiwe kuendelea hadi amjibu kwa heshima na kwa ukweli: “Mama, naelewa hofu yako. Mtoto huyo huenda alikuwa amezidiwa na ugonjwa wenyewe kabla ya kuletwa. Sindano hii inaingia chini ya pale uti unapoishia, nasi tunaihitaji ili tujue ni dawa gani itamponya mwanao. Nitakueleza kila hatua, na ukitaka niache, niambie.” Kumjibu hivi huku mikono ikiwa ndani ya glavu zilizotakaswa, bila kugusa chochote, ni ujuzi unaohitaji mazoezi kama ule wa sindano.

Baada ya kila jaribio, keti na wanafunzi kwa muda usiopungua ule uliotumika mezani. Anza na yule aliyefanya: “Hatua gani ilikwenda vizuri, na wapi mkono wako ulisita?” Kisha eleza ulichokiona, si unachokifikiria juu ya tabia yake. “Niliona kidole chako kikigusa ngozi baada ya kuisafisha” ni kauli inayoweza kurekebishwa. “Wewe huna uangalifu” haina dawa. Ikiwa simu imetumika kurekodi mikono, irudishwe nyuma hadi sehemu yenye shida, na video ifutwe baadaye. Mambo ya chumba hiki yasisimuliwe kwenye raundi ya wodi, kwani mwanafunzi anayeogopa kuchekwa huficha asichokijua hadi amfikie mgonjwa.

Mtihani wa mwisho hutumia orodha ileile ya mwanzo. Aliyefikia kiwango apite. Ambaye hajafikia afanye mazoezi zaidi na kurudi siku nyingine, bila alama ya aibu kwenye jalada lake. Muda unaweza kutofautiana kati ya mtu na mtu, ila kiwango kiwe kimoja.

Kutoka chumba cha mafunzo hadi wodini

Kufaulu mezani ni ruhusa ya kuanza chini ya uangalizi, si leseni ya kufanya peke yake. Chuo kikubaliane kwa maandishi na hospitali inayowapokea wanafunzi wake, iwe ni Jaramogi mjini Kisumu, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, au hospitali ya rufaa ya Nakuru, au ile ya Moi mjini Eldoret, kwamba mwanafunzi asiye na saini ya utaratibu fulani hataufanya hata kama wodi imefurika na daktari anayesimamia amechoka. Muuguzi mkuu wa wodi apewe orodha ya waliofaulu, kwa sababu yeye ndiye anayekuwapo wakati wote.

Mgonjwa naye aambiwe ukweli: “Mzee, mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Nimefanya mazoezi ya kazi hii na daktari yuko hapa pamoja nami. Unaniruhusu?” Akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe na matibabu yake yasibadilike. Msimamizi asimame mahali anapoweza kuufikia mkono wa mwanafunzi, na wakubaliane mapema kwamba majaribio mawili yakishindikana, msimamizi anachukua.

Vifaa pia vinahitaji mlezi mwenye jina na ratiba. Iodini huacha madoa ya kudumu kwenye ngozi ya plastiki, na vivyo hivyo wino wa kalamu na wa magazeti, kwa hiyo mezani tumia maji yenye rangi hafifu badala ya iodini na usiruhusu mtu achore juu ya sanamu. Baada ya kipindi, mipira yote imwagwe maji na kukaushwa, la sivyo katika joto la Kisumu itaota ukungu baada ya siku chache. Ngozi na mishipa ya akiba iagizwe pamoja na kifaa chenyewe, kwa sababu vyumba vingi vya mafunzo hufa pale ngozi ya kwanza inapochakaa na hakuna bajeti ya nyingine. Sanamu zinazotumia umeme ziwe na betri ya kuhifadhi umeme, kipindi kisikatike stima zinapopotea.

Ujuzi usiotumika hufifia baada ya miezi michache, hata kwa aliyefaulu vizuri. Chumba kiwe na saa ambazo mwanafunzi anaweza kuingia na kufanya mazoezi bila mtihani, ufunguo ukiwa kwa mtu anayepatikana. Anayekaribia kuanza mafunzo ya kazini arudi mezani wiki moja kabla ya kuondoka, apewe orodha ileile ya hatua, na apimwe upya katika zile taratibu nne au tano ambazo hospitali anayokwenda itamtaka azifanye usiku wa kwanza.